Kituo Ni Amana: Niliyojifunza Nikiwa Mkuu wa Kituo cha Polisi

Baadhi ya wakaguzi wapya wanaotoka chuo cha polisi Kurasini, Dar es Salaam, hunipigia simu wakishapangiwa vituo vyao vya kwanza. Swali lao huwa lilelile: "Afande, nianzie wapi ili wananchi wanikubali?" Nimestaafu sasa. Miaka ya mwisho ya utumishi wangu nilikuwa mkuu wa kituo katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, kituo ambacho wakati nakipokea watu walikuwa wanakipita mbali. Sitakitaja jina, maana baadhi ya askari niliowakuta bado wako kazini na wengi wao walibadilika. Nitaeleza tu tulivyopita, kwa sababu majibu ya kwenye simu hayatoshi. Na huwa naanza na jambo wasilolitarajia: usianze na mkutano wa hadhara.

Muda mfupi kabla sijafika, watu walikuwa wamekishambulia kituo kwa mawe. Mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe alikamatwa jioni, kesho yake akaonekana gulioni anatembea, na habari ikaenea kwamba amewahonga askari. Nilikuta madirisha ya upande wa barabarani yamezibwa kwa mbao. Askari walikuwa hawaendi kununua hata sabuni bila kuvua sare. Mume wangu ni mwalimu. Alihamia shule ya jirani, na siku za mwanzo wenzake walikuwa wakinyamaza akiingia ofisini. Mwanangu aliniuliza kama ni kweli polisi tunakula hela za watu. Chuoni hakuna anayekuambia kwamba familia yako nayo itabeba aibu ya kituo ambacho wewe hukukiharibu, na iliniuma kuliko mbao zile za madirishani.

Jambo lililonitisha zaidi lilikuwa jingine. Vibaka walikuwa wakikamatwa usiku na kuchomwa moto. Asubuhi askari wakifika wanakuta majivu na waya za matairi, na mtaa mzima hakuna aliyeona chochote. Kwenye taarifa inaandikwa kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, jalada linafunguliwa, na linaishia hapo. Tangu wakati ule nimekuwa na kipimo kimoja tu cha kituo. Mwizi akikamatwa saa nane usiku, watu wanampigia nani simu? Kama hawampigii mtu yeyote, hicho kituo hakipo, hata kama bendera inapandishwa kila asubuhi.

Mimi nilikulia kikazi katika kipindi cha Polisi Jamii. Said Mwema alipoteuliwa kuwa Inspekta Jenerali mwaka 2006 alilivalia njuga suala hilo: polisi kata, ulinzi shirikishi, mikutano ya mitaa, namba za simu za makamanda kutangazwa hadharani. Nililiamini jambo lile na bado naliamini. Kanda ya Ziwa nayo haikuwa ngeni kwa watu kujilinda wenyewe. Sungusungu walianzia huko Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa mifugo ulipokuwa umeshindikana. Kwa hiyo nilipofika nilipanga kuitisha mkutano mkubwa, niwaalike wazee wa sungusungu, wenyeviti wa mitaa na vijana wa bodaboda, nijitambulishe.

Mwenyekiti wa mtaa mmoja, mzee ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yangu, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema: "Binti yangu, mikutano tumehudhuria sana. Pikipiki ya mjukuu wangu iko hapo uani kwako. Nenda ukaiangalie, halafu urudi tuzungumze."

Nilikwenda. Nyuma ya kituo kulikuwa na safu ya pikipiki zilizokamatwa, nyingine kwa makosa ya barabarani, nyingine vielelezo vya kesi. Ile ya mjukuu wake ilikuwa nyekundu, imelalia ukuta, majani yameota katikati ya spoku. Betri haikuwepo. Taa ya mbele ilikuwa imeng'olewa na waya zake zimekatwa kwa kisu, sio kufunguliwa. Kioo kimoja kilikuwepo, cha pili hakuna. Kwenye tanki kulikuwa na karatasi yenye namba ya kesi, imefifia kwa jua hata haisomeki. Nikauliza ilifikaje pale. Nikaambiwa iliibwa, ikapatikana, ikaletwa kama kielelezo. Kijana ndiye aliyeibiwa! Alikuwa ameichukua kwa mkataba, kila wiki anampelekea tajiri hela, na hela hiyo aliendelea kudaiwa wakati pikipiki inaoza kwetu. Mwizi alimchukulia pikipiki moja. Sisi tulimrudishia mkangafu.

Pale uani ndipo nilipoelewa kazi yangu. Mwananchi hutukabidhi vitu: pikipiki yake, taarifa aliyonayo, ndugu yake aliyekamatwa, maumivu ya binti yake aliyebakwa. Kisha anasubiri aone vitarudi vikiwa na hali gani. Imani yake yote imo katika kungoja huko, wala haimo katika hotuba.

Tukaanza na pikipiki. Nilikwenda kwa mwendesha mashtaka tukapitia moja moja: ipi ina kesi hai, ipi kesi iliisha zamani na hakuna aliyejishughulisha, ipi haina jalada kabisa. Zenye kesi tuliomba mahakamani zipigwe picha, zitambuliwe, na wenyewe wakabidhiwe kwa masharti ya kuzileta zikihitajika. Halafu tukatengeneza fomu ya kupokelea chombo chochote. Ni karatasi moja tu: betri ipo au haipo, vioo vingapi, taa, mafuta kiasi gani, kilomita zilizosomeka, matairi yana hali gani. Askari anasaini, mwenye chombo anasaini, nakala anaondoka nayo. Karatasi ile ilileta ugomvi kituoni kuliko jambo lolote nililolifanya, na ugomvi wenyewe ulinionyesha betri zilikuwa zinakwenda wapi. Ukipangiwa kituo, siku ya kwanza usikae ofisini. Zunguka uani.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Mama mmoja anayeuza chakula stendi alikuja kuniona jioni, akakaa, akakataa hata maji. Kabla sijafika yeye aliwahi kutoa taarifa za nyumba inayofichwa mali za wizi. Alizitoa kaunta, mbele ya watu wengine waliokuwa wanasubiri, na jina lake likaandikwa kwenye kitabu. Usiku uleule vijana wakamgongea mlango na kumwambia neno kwa neno alichokisema. Hawakumpiga. Walimwambia tu. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sikulaumu wewe. Nimekuja kukwambia kwamba mimi sisemi tena, na wenzangu pale stendi nimewaambia wasiseme."

Sikuwa na cha kumjibu. Nilimshukuru kwa kuja, nikamsindikiza kwa mlango wa nyuma.

Taarifa kuvuja ndiyo sumu kubwa kuliko rushwa, kwa mtazamo wangu. Rushwa inamnyima mtu haki yake. Kuvuja kwa taarifa kunaweza kumnyima uhai, na kila mtu mtaani anajua hivyo. Tulibadili utaratibu. Askari wa kaunta akiona mtu anasitasita, anamwita pembeni, hamuulizi mbele za watu "shida yako nini mama?" kwa sauti ya gwaride. Mwenye taarifa za siri anaongozwa kwangu au kwa mkuu wa upelelezi, na jina lake haliandikwi kwenye kitabu chochote kinachokaa kaunta. Tukigawana kazi ya upekuzi, askari wanaokwenda wanaambiwa mahali wakiwa tayari wamepanda gari. Kuna waliochukia wakasema siwaamini. Niliwajibu kwamba utaratibu huu unawalinda na wao, maana taarifa ikivuja safari hii tutajua ilitokea wapi. Askari mmoja aliomba uhamisho baada ya hapo. Nilimpa barua ya kuunga mkono ombi lake siku hiyohiyo.

Chumba kidogo kilichokuwa stoo tukakifanya cha Dawati la Jinsia na Watoto, kikafungwa mlango unaofungika kweli. Kabla ya hapo binti aliyefanyiwa ukatili alikuwa anaeleza kisa chake kaunta, anapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mbele ya wanaume wanaosubiri RB, namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, za simu zilizopotea. Kurekebisha hilo kulitugharimu kitasa, pazia na rangi. Naona uchungu hadi leo kwamba jambo la bei ndogo vile lilikuwa limesubiri miaka.

Sasa nizungumzie askari, kwa sababu hapa ndipo wakuu wengi wapya hukwama. Unakuja na moto wa mabadiliko, unawaamrisha watu wawe wapole kwa wananchi, na wanakuitikia "ndiyo afande" huku wamekunja mioyo. Askari anayelala chumba kinachovuja na familia nzima, aliyeunganishiwa zamu tatu, ambaye likizo yake imepigwa danadana tangu mwaka jana, hawezi kumpokea mwananchi vizuri kwa amri. Nilianza na orodha ya likizo, nikaibandika ukutani ili kila mtu aone zamu yake na hakuna anayeruka foleni kwa kujuana na mkuu. Kisha choo. Kisha ratiba ya zamu inayoeleweka. Fedha zilikuwa chache na mengine nililipia mfukoni mwangu, jambo ambalo simshauri mtu alizoee, kwa sababu mume wangu alifika mahali akauliza kama mshahara wangu ni wa nyumbani au wa kituo, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini kupendelea askari kusije kukawa kumficha. Mkuu anayemkingia kifua askari aliyempiga raia selo, akidhani anajenga mshikamano, anawavunja moyo wale askari wema waliokuwa wanangoja kuona utafanya nini. Askari wema wapo kila kituo. Wamenyamaza tu.

Mafuta ya gari yanataka aya yake. Kila mkuu wa kituo anajua hali: mgao ni mdogo, wilaya ni pana, na mwananchi akipiga simu anaambiwa "tuletee mafuta tuje." Kwa mwananchi hiyo ni kununua haki. Kwa askari ni ukweli wa tanki tupu. Wafanyabiashara wanalijua pengo hilo, na mapema kabisa watakuja wawili watatu, watu wa heshima, wakikuambia wako tayari kujaza tanki kila mwezi, hawataki chochote. Nakusihi uwe makini hapo. Mmoja wao alikuwa amejaza gari letu kwa muda mrefu kabla sijafika. Siku kijana wake wa kazi alipoleta malalamiko ya kupigwa na tajiri huyo, askari wa kaunta alimrudisha nyumbani akayamalize na bosi wake. Hakuna aliyemtuma askari yule kufanya hivyo. Mafuta yalikuwa yameshasema.

Tulilipeleka suala hilo kwenye kamati ya usalama ya wilaya. Tukakubaliana mchango wowote upitie halmashauri kwa barua, utangazwe, na asipokelewe mtu mwenye shauri lolote lililo wazi kituoni. Michango ilipungua, sitaficha. Kuna miezi gari lilisimama, tukaenda kwenye matukio kwa pikipiki na kwa miguu. Na pale kaunta tukaandika kwa herufi kubwa kwamba dhamana ni bure, RB ni bure, PF3 ni bure, na chini yake namba yangu ya simu na ya OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Namba ikiandikwa lazima ipokelewe. Usiku nilikuwa nailaza simu chini ya mto.

Ndiyo iliyolia usiku mmoja wa msimu wa mvua. Mzee wa sungusungu alikuwa anahema: wamewakamata vijana wawili na televisheni, watu ni wengi, matairi yameshaletwa. Gari halikuwa na mafuta. Askari wa zamu walipanda bodaboda za vijana waliokuwa wanapaki karibu na kituo, vijana walewale ambao tuliwarudishia pikipiki, nami nikafuata. Tulipofika tulimkuta mzee amesimama katikati, fimbo mkononi, anarudia: "Nimempigia afande, anakuja. Nimempigia, anakuja." Vijana walikuwa wamepigwa vibaya lakini wazima. Tuliwapeleka hospitali kwanza, kituoni baadaye.

Ugumu ulikuja mchana uliofuata. Kosa lile lilikuwa na dhamana, wadhamini walikuja wenye sifa, na sheria iko wazi: mtu asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 24 bila kupelekwa mahakamani au kupewa dhamana. Nilijua mmoja wao akionekana tu mtaani, yatarudi ya mtuhumiwa wa ng'ombe, na safari hii mzee aliyetuamini ndiye atakayeaibika. Kabla sijasaini nilipanda kwenda kwa mwenye televisheni, nikaenda kwa mzee, nikaenda kijiwe cha bodaboda. Niliwaeleza dhamana ni nini: kwamba kesi haijafutwa, kwamba mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana lakini wizi huu unayo, kwamba mdhamini ameweka saini na akitoroka mtu atadaiwa yeye, na kwamba tarehe ya mahakamani ni fulani na ninawahitaji kama mashahidi. Mama mwenye nyumba alinikasirikia sana. Alisema maneno makali na nikayasikiliza yote. Lakini jioni kijana alipopita, hakuna aliyeokota jiwe, kwa sababu habari haikuwakuta ghafla.

Kama utachukua jambo moja katika maelezo haya, chukua hili: mlalamikaji asikutane na mtuhumiwa wake sokoni kabla hajakutana na wewe. Nilipoanza kufuatilia, niligundua malalamiko mengi ya "wamehongwa" yalikuwa dhamana halali ambazo hakuna mtu aliyejisumbua kuzieleza. Na yale ambayo yalikuwa rushwa kweli yalionekana upesi zaidi, kwa kuwa yalikosa mahali pa kujificha. Tulipanga siku moja ya wiki kila mpelelezi awapigie simu walalamikaji wake, hata kama hana jipya. Wapelelezi walilalamika kuhusu vocha, na walikuwa na hoja. Nilipigania simu moja ya kituo kwa kazi hiyo tu.

Kesi ilipotajwa, mashahidi walikuja. Yule mama wa televisheni alikuwa wa kwanza.

Kuna kitu kingine ambacho huwashtua wakuu wapya. Imani ikianza kurudi, takwimu za uhalifu zinapanda. Watu waliokuwa wananyamaza wanaanza kuripoti: wizi wa kuku, kipigo cha ndani, vitisho, ubakaji uliokuwa unamalizwa na familia kwa ng'ombe. Kwenye makaratasi unaonekana umeharibu wilaya. Niliitwa kujieleza, na bahati yangu nilikuwa nimemwandikia OCD mapema nikimwambia tutegemee hivyo, nikiambatanisha ni matukio gani yameongezeka na ni lini yalitokea hasa. Andika barua hiyo kabla takwimu hazijapanda, kwa kuwa ukiandika baada yake utaonekana unajitetea. Na kamwe usiwape askari lengo la kupunguza namba ya matukio. Watalifikia kwa kuwakatalia watu RB.

Mwaka 2023 nilikuwa nimeshastaafu, Rais Samia Suluhu Hassan alipounda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Wananchi waliieleza tume mengi kuhusu ukamataji, mahabusu na kubambikiwa kesi, na moja ya mapendekezo lilikuwa kulibadili jeshi liwe chombo cha kutoa huduma. Nilifurahi sana. Najua mageuzi ya namna hiyo yanahitaji sheria, bajeti na utashi wa walio juu, na mkuu wa kituo hana hata kimoja katika hivyo. Ila ana kaunta, ana uani, ana selo na ana kitabu cha mahabusu. Kila asubuhi nilikuwa naingia selo mwenyewe na kitabu mkononi, nasoma jina, kosa, saa aliyoingia, naangalia kama aliyeandikwa ndiye niliyemkuta na kama ana alama za kipigo. Hilo halihitaji kibali cha mtu yeyote.

Uhamisho ulikuja wakati sijaujiandalia, kama kawaida yetu. Imani ile, nilitambua, ilikuwa imeshikwa na namba yangu ya simu na sura yangu, na mrithi wangu angeweza kuanza na mbao za madirishani tena. Kwa hiyo niliomba tukabidhiane kwa kutembea na sio ofisini tu. Nilimpeleka kwa wenyeviti, kijiweni, stendi, kwa mzee wa sungusungu. Laini ya simu iliyokuwa ukutani ikawa ya kituo, nikamwachia yeye. Fomu za vyombo na siku ya kuwapigia walalamikaji nikaziingiza kwenye hati ya makabidhiano, OCD akasaini.

Kilichobaki ni majina ya waliokuwa wakinipa taarifa. Hayo sikuyakabidhi kwa pamoja. Nilimwendea kila mmoja nikamuuliza kama yuko tayari kufahamiana na mkuu mpya. Waliokubali niliwakutanisha naye mmoja mmoja, mbali na kituo. Waliokataa sikumtajia, ingawa aliniuliza mara nyingi. Nawe ukihama ukaulizwa, usitaje. Mwambie mrithi wako awape muda waone kwanza anavyotunza pikipiki.